Injini ya Ndege, Cheni ya Pikipiki

Kipevu ya leo, kando ya bandari ya Mombasa, ni ya mafuta na umeme. Meli za mafuta hufunga gatini, matangi yamejipanga kilimani, na mitambo ya dizeli ya KenGen hunguruma. Ule wa Kipevu III, wenye uwezo wa megawati 120, ulianza kazi mwaka 2011. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, maji hayohayo yalikuwa na jenereta za namna nyingine: injini ndogo za petroli zilizofungwa ndani ya matumbo ya ndege za baharini. Ndege ikishatua majini na injini zake kubwa kuzimwa, hiyo ndogo ndiyo iliyotoa umeme wa taa na redio, ikatia chaji betri, na kuendesha pampu ya kufyonza maji ya ngamani.

Ivue injini ya aina hiyo bati lake na dinamo yake, utabaki na ndugu wa pikipiki: silinda moja au mbili, mapezi ya kupozwa kwa upepo, magineti ya kutoa cheche, kabureta moja. Ndiyo maana wapenzi wa pikipiki za kujiundia huko Ulaya na Marekani huzisaka kwenye mabaki ya vita, wakazifunga kwenye fremu na kuzipandisha barabarani. Bara ya Mombasa, kuanzia Likoni hadi Kisauni na Changamwe, wazo hilo halimshangazi fundi yeyote. Kuupa mtambo kazi ambayo haukuzaliwa nayo ndio mkate wake wa kila siku. Linaloshangaza ni jingine: ustadi uleule, katika miaka ileile baada ya vita, ulizaa viwanda vikubwa Japani na Italia, na huku kwetu ukabaki kivulini mwa mwembe.

Ndege zilianza kuizoea Mombasa kabla ya vita. Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilirusha ndege ndogo za de Havilland hadi Pwani na kuendelea Tanga, Zanzibar na Dar es Salaam. Mwaka 1937 Imperial Airways ikaanza kuleta ndege kubwa za baharini zilizotengenezwa na Short. Zilitoka Southampton, zikafuata mto Nile hadi Kisumu, zikashuka Mombasa, kisha zikaendelea Dar es Salaam, Lindi na Msumbiji hadi Durban. Barua na abiria wachache wenye fedha walifika hivyo, wakati meli ilichukua majuma.

Vita vikageuza kila kitu. Aprili 1942, baada ya ndege za Kijapani kushambulia Colombo na Trincomalee, Waingereza walihamishia bandari ya Kilindini, Mombasa, makao ya meli zao za kivita za Bahari ya Hindi. Kikosi cha 209 cha jeshi lao la anga kilikuja Kipevu mwaka huohuo na ndege aina ya Catalina. Februari 1943 kikaundwa hapohapo Kikosi cha 259, na Agosti mwaka huo Catalina zake, zikishirikiana na za Kikosi cha 265, ziliizamisha nyambizi ya Kijerumani U-197 kusini mwa Madagaska. Kiwanja cha nchi kavu cha Port Reitz, Changamwe, nacho kilijaa ndege za kijeshi. Ndicho kilichopanuliwa baadaye na kuwa Uwanja wa Kimataifa wa Moi. Wanamaji wa Uingereza walivipa vituo vyao vya ndege majina ya ndege wa angani: cha Mombasa kiliitwa HMS Kipanga, na karakana ya Nairobi HMS Korongo.

Catalina ilikuwa na injini mbili za Pratt & Whitney, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 1,200, na mabawa yenye upana wa zaidi ya mita 31. Iliweza kukaa angani zaidi ya saa ishirini. Chombo cha namna hiyo hakiwezi kutegemea gati wala umeme wa mjini. Lazima kiwe na chanzo chake kidogo cha nguvu, kitakachowaka hata ndege ikiwa imetia nanga mahali pasipo na mtu. Hata ndege za nchi kavu za kudondosha mabomu, B-24 na B-29, zilibeba injini za kazi hiyo, na wanajeshi wa Kimarekani waliziita "putt-putt" kwa mlio wake, ambao haukuwa mbali na mlio wa pikipiki.

Vita vilipokwisha, mtu angetarajia injini hizo zimiminike sokoni. Hazikumiminika. Ndege nyingi za Catalina zilizotumiwa na Waingereza na washirika wao zilikuwa mali ya mkopo wa Marekani, kwa masharti kwamba vita vikimalizika zirudishwe, zilipiwe au ziharibiwe. Kuziharibu ndiko kulikokuwa rahisi. Nje ya kisiwa cha Rottnest, Australia, zilivutwa hadi kwenye kina na kuzamishwa, pamoja na vyombo vyake. Mitambo mizima ilikwenda na maji kwa sababu ya hesabu za karatasini.

Kilichobaki Afrika Mashariki kilikuwa cha magurudumu. Mwaka 1947, Uingereza ikijiandaa kuondoka India na ikipunguza majeshi yake Misri, ilianza kujenga bohari kubwa la kijeshi Mackinnon Road, kwenye reli kati ya Mombasa na Voi. Haukupita muda mrefu mradi ukaachwa. Tanganyika, katika mradi wa karanga wa Kongwa, ubadilishaji wa kazi ulifanywa kwa kiwango cha serikali: kampuni ya Vickers-Armstrong ilichukua vifaru vya Sherman, ikang'oa mizinga na deraya, ikavigeuza matrekta yaliyoitwa Shervick. Yalishindwa na ardhi ngumu ya Kongwa kama yalivyoshindwa matrekta mengine, na kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Hata hivyo ni ushahidi kwamba kuuvua mtambo sare za jeshi na kuutuma shambani halikuwa wazo la maskini peke yake. Serikali ya Uingereza ilifanya hivyohivyo, kwa fedha nyingi zaidi na mafanikio machache zaidi.

Wakati huo, mjini Hamamatsu, Japani, mtu mmoja alikuwa akifanya kwa mikono yake jambo linalofanana kabisa na la fundi wa Changamwe. Soichiro Honda alikuwa ametengeneza ringi za pistoni kabla na wakati wa vita, na aliwahi kuisaidia Nippon Gakki, kampuni ya vinanda, kuunda mashine za kuchonga mapanga ya ndege za kivita. Nchi ikiwa magofu, treni zimejaa pomoni na petroli ya mgao, mwaka 1946 alikutana na injini ndogo iliyoundwa kuendesha jenereta ya redio ya jeshi. Akanunua kiasi cha 500. Kwanza aliijaribu mbele ya baiskeli, ikisukuma tairi kwa gurudumu la mpira, lakini matairi ya wakati ule yalikuwa dhaifu, yakaliwa. Akaishusha katikati ya fremu na kuiunganisha na gurudumu la nyuma kwa mkanda. Tangi la kwanza lilikuwa chupa ya kuwekea maji ya moto ya kupasha kitanda.

Mia tano zile zilipokwisha, historia ikachukua njia yake. Honda hakutafuta tena mabaki ya jeshi. Mwaka 1947 alitoa injini yake mwenyewe, iliyojulikana kama A-Type, na Septemba 1948 akasajili Honda Motor. Injini ya jenereta ilikuwa daraja, akaivuka.

Italia mambo yalikwenda vivyo hivyo. Piaggio ilikuwa kampuni ya ndege. Kiwanda chake cha Pontedera kilipigwa mabomu. Mhandisi wake, Corradino D'Ascanio, aliyekuwa mbunifu wa helikopta na asiyependa pikipiki hata kidogo, mwaka 1946 alibuni Vespa. Gurudumu lake la mbele lilishikwa upande mmoja tu, kwa namna iliyotoka kwenye magurudumu ya ndege, ili liweze kung'olewa upesi likipata pancha. Mwaka 1948 kampuni ikaongeza gurudumu la tatu na sanduku la mizigo, ikaiita Ape. Bajaj ya India, iliyowahi kutengeneza Vespa kwa leseni ya Piaggio, ndiyo iliyosambaza magurudumu matatu hayo duniani. Tuktuk zinazobanana Kongowea na kupanga foleni karibu na feri ya Likoni zimetoka, kwa ukoo wa moja kwa moja, katika kiwanda cha ndege kilichokosa kazi.

Nippon Gakki nayo haikupotea. Mashine zilizochonga mapanga ya ndege zilikaa bure baada ya vita, na mwaka 1955 kampuni hiyo ya vinanda ikaanza kutoa pikipiki kwa jina la mwanzilishi wake, Yamaha. Miaka mitano baadaye ikatoa injini ya mashua. Mvuvi wa Mtongwe anayevuta kamba ya Yamaha alfajiri anavuta mkia wa hadithi hiyohiyo.

Kwa nini basi Pontedera na Hamamatsu, na si Changamwe? Ufundi haukukosekana. Vita viliwafundisha maelfu ya Waafrika udereva, umekanika na uchomeleaji katika vikosi vya jeshi la Afrika Mashariki. Walirudi wakakuta mji uliowahitaji kama vibarua tu. Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa, wa bandari, reli, hoteli na majumbani, waligoma kwa siku kadhaa, na kutoka katika mgomo huo kikakua chama cha African Workers' Federation cha Chege Kibachia. Madai yao yalikuwa ya mshahara na makazi. Mkopo wa kununulia mashine ya kukereza vyuma haukuwa hata kwenye meza ya mazungumzo.

Gereji zilikuwa za Wahindi, na humo ndimo ufundi ulimohamia mikono. Kijana aliingia kama mshika spana, akafagia, akaosha vyuma kwa mafuta ya taa, akatumwa chai, na huku macho yake hayabanduki kwenye mikono ya fundi mkuu. Mtafiti Kenneth King alieleza safari hiyo katika kitabu chake cha 1977 kuhusu mafundi wa Kenya: maarifa yaliyotoka kwa Wahindi yakaenea kwa Waafrika bila shule, bila cheti, kutoka gereji hadi kivuli cha mti. Shule zilikuwepo pia. Taasisi ya elimu ya Waislamu ya Mombasa, MIOME, ilipokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1951. Ndiyo iliyokuja kuwa Mombasa Polytechnic na sasa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Lakini milango yake ilikuwa kisiwani, na haikuweza kubeba idadi ya vijana waliokuwa ng'ambo, upande wa bara.

Hao wa ng'ambo walijifunza kwa kufanya, na kazi yenyewe si ya kubahatisha. Chukua mfano wa jenereta ndogo ya petroli, ya aina iliyonunuliwa kwa wingi Kenya ilipokumbwa na mgao wa umeme mwaka 2000. Dinamo ikiungua, injini bado nzima. Itaendesha pampu ya kisima au mashine ya kukamua miwa bila maneno mengi, maana kazi hizo zinataka mwendo mmoja usiobadilika. Pikipiki ni shughuli nyingine. Injini ya jenereta, iwe ya dukani au ya ndege, ina gavana inayoilazimisha izunguke kwa kasi ileile mzigo ukizidi au ukipungua. Haina klachi. Haina giaboksi. Imezoea kupozwa na feni iliyofunikwa bati, tena haikuumbwa kuvumilia mashimo ya barabara ya Mtongwe. Ikiwa imetoka kwenye ndege, umeme wake ni wa volti 24 au 28, na taa za pikipiki zinataka 12.

Fundi huanza na katoni. Hukata kipande cha boksi, akakisimamisha kati ya injini na fremu, akakipunguza kwa kisu mpaka kikae sawasawa, kisha akalihamisha umbo hilo kwenye bamba la chuma kwa chaki. Bamba hukatwa, hutobolewa, na kuchomelewa kwa nukta chache tu kwanza, kwa sababu lolote linaweza kubadilika. Gavana hufungwa au huondolewa, na kabureta hupewa waya wa mkononi. Giaboksi ya pikipiki iliyokufa huletwa, huwekwa nyuma ya injini, na baina yao hupita cheni ya kwanza. Cheni ya pili huenda kwenye gurudumu. Hapo ndipo mafundi wanapotengana na wababaishaji. Fundi hunyoosha uzi ubavuni mwa meno ya mbele hadi meno ya nyuma, akainama, akafumba jicho moja. Uzi ukigusa sehemu nne, mbili mbele na mbili nyuma, bamba huchomelewa moja kwa moja. Usipogusa hata kwa upana wa kucha, anaanza upya, kwani cheni iliyopinda hula meno na siku moja huruka barabarani. Vipande vya mpira wa tairi la lori huwekwa chini ya miguu ya injini kuzuia mtetemo usipasue fremu.

Kazi hiyo inahitaji jicho, subira na kumbukumbu ya injini mia zilizopita mikononi. Inafanya injini moja ifanye kazi. Haiwezi kufanya injini mia zinazofanana, na hapo ndipo tofauti na Hamamatsu inapojitokeza. Honda, alipoishiwa na injini za jeshi, alikuwa tayari na uzoefu wa kiwanda, wa ringi zilizolazimika kufanana zote. Alikuwa na mashine pia. Fundi wa bara ya Mombasa alikuwa na spana zake na askari wa manispaa aliyemfukuza kando ya barabara.

Serikali ilichelewa kumwona. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 ndiyo iliyoutangazia ulimwengu kwamba sekta hii isiyo rasmi inazalisha na kuajiri, haivizii tu ajira za ofisini. Mwaka 1985 Rais Daniel arap Moi aliwatembelea mafundi wa Kamukunji, Nairobi, na waraka wa serikali wa 1986 ukawapa nafasi katika mipango ya uchumi. Vibanda vya mabati vikajengwa hapa na pale. "Jua kali" likawa jina la heshima katika hotuba. Mwaka huohuo wa 1986 Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Magari matano ya majaribio ya Nyayo Pioneer yalizinduliwa mwaka 1990. Hayakufika sokoni. Yalikwama kwa fedha.

Mwaka 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye pikipiki ndogo, na bodaboda zikafurika. Boxer za Bajaj na TVS zikawa usafiri wa Bamburi, Miritini na Likoni. Kwa fundi, mafuriko hayo yalikuwa baraka yenye mkuki ndani yake. Kazi zilimiminika: kubadilisha ringi, kunyoosha fremu, kupaka rangi na kupamba kwa taa na maandishi mpaka pikipiki mbili za kiwanda kimoja zisitambuane. Lakini vipuri vya bei nafuu vilipunguza haja ya kubuni. Ya nini kuoanisha injini ya jenereta na fremu, wakati injini mpya ya Kihindi au Kichina ipo dukani?

Sheria nayo ilikaza kamba. Namba ya fremu na namba ya injini zimo katika kumbukumbu za usajili, na anayebadilisha injini hutakiwa kurekebisha kumbukumbu hizo. Biashara ya vyuma chakavu ilitungiwa sheria yake mwaka 2015, na Januari 2022, baada ya mitambo ya umeme kuhujumiwa, ikapigwa marufuku nchi nzima kwa miezi kadhaa. Hatua hizo zilikuwa na sababu zake, maana nguzo za umeme na reli ziliibwa kweli. Wakati huohuo zilimgusa fundi asiyeiba kitu, ambaye rafu yake ya vipuri ni lile rundo la vyuma vya watu wengine.

Septemba 2023 Rais William Ruto alizindua Mombasa mpango wa pikipiki za umeme pamoja na kampuni ya Spiro, ambayo mwendeshaji wake hubadilishiwa betri kituoni badala ya kuimiliki. Nairobi kuna mfano ulio karibu zaidi na ule wa Hamamatsu. Kampuni iliyoanzishwa mwaka 2017 kwa jina la Opibus, na sasa huitwa Roam, ilianza kwa kung'oa injini za dizeli kwenye magari ya utalii na kufunga mota za umeme mahali pake. Kutokana na kazi hiyo ya kubadilisha vya wengine, ikafika kwenye pikipiki yake yenyewe. Njia ilikuwa ileile, ila mtaji wa wawekezaji ulikuwepo.

Kadiri pikipiki za umeme zitakavyoongezeka, ndivyo injini za petroli za sentimita za ujazo 100 hadi 150 zitakavyolundikana kwenye mabohari ya skrapu ya Kisauni na Changamwe. Tofauti na mabaki ya vita, hizi hazitazamishwa baharini, na tofauti na jenereta za ndege, zina klachi na gia ndani yake. Zinafaa pampu, mashua ndogo na mikokoteni ya mizigo. Mafundi wa kuzioanisha wapo, na uzi wa kupimia cheni wanao. Iwapo safari hii watapata pia mashine ya kukereza, tanuri na mkopo wa riba inayolipika, hilo litaamuliwa katika bajeti za kaunti na benki za kisiwani kabla ya kuamuliwa gerejini.